Mtoto Anaposahihishwa

Hakuna mtoto anayepelekwa kwenye darasa la balei kufunzwa kucheza. Kucheza anakujua. Alianza mgongoni, amefungwa leso, mama yake akifagia, akitwanga, akicheza harusini, na kila mdundo uliopita katika mwili wa mama ulipita na katika wake. Kabla hajaweza kutamka "maji" alikuwa tayari anashika kiti, redio ikilia, magoti yakiitika. Jipya analokwenda kukutana nalo kule ni jingine kabisa: mtu mzima asiye wa kwao, anayeutazama mwili wake kwa makini na kumwambia, kwa upole au kwa ukali, kwamba goti halijanyooka.

Binti yangu alipotimiza miaka 5 tulimwandikisha hapa Nairobi, katika ukumbi wa kanisa ambao siku nyingine hutumiwa na kwaya na vikao vya chama. Jamaa na majirani waliniuliza mengi. Waliuliza bei ya viatu. Waliuliza kama densi hiyo si ya Wazungu, kama haitamharibia miguu, kama haitamzuia kusoma. Swali ambalo kwangu ndilo kubwa hawakuligusa: atasahihishwa na nani, na kwa namna gani? Maana ukiivua balei mavazi yake na muziki wake, kinachobaki ni shule ya kusahihishwa. Hiyo ndiyo kazi inayofanyika mle ndani tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mtoto wa chekechea na kwa bingwa wa jukwaa la Paris, ambaye naye kila asubuhi hurudi kushika ule ufito wa ukutani, akaanza upya na kukunja magoti huku mwalimu akipita nyuma yake.

Darasa la watoto wadogo halifanani na picha tulizo nazo vichwani. Hakuna ufito, hakuna kusimama kwa ncha za vidole. Wanakaa sakafuni kwa duara, miguu imenyooshwa mbele, wanakunja na kukunjua vifundo: vidole visalimie dari, sasa visalimie ukuta. Wanatembea kwa kunyata. Wanaruka na kutua, na kutua ndiko kunakokula muda, kwa sababu mtoto huja anajua kuruka lakini hajui kurudi chini. Hurudi kwa kishindo, magoti yamekazana. Mwalimu huwarudisha tena na tena: vidole kwanza, kisha kisigino, na magoti yakunjike. Huko kukunja magoti ndiyo plie, na watoto wa Nairobi wanaitamka bila taabu yoyote, kama wanavyotamka majina ya vibonzo vya runinga. Mimi na wazazi wenzangu hukaa nje kwenye benchi, mlango ukiwa wazi kidogo, tukasikia sauti moja ikirudia jambo lile lile bila kuchoka.

Kuna siku nilichungulia nikaona jambo ambalo tangu hapo nimelitumia kumpima kila mwalimu. Watoto walikuwa wameambiwa wasimame visigino vikigusana, vidole vikitazama nje. Msichana mmoja akavifungua vidole mpaka mwisho, miguu ikawa mstari mmoja, bila shaka kama alivyoona kwenye picha. Magoti yake lakini yalibaki yakitazama mbele, na nyayo zikalalia upande wa ndani. Mwalimu asiyeijua kazi angemsifu, au angeisukuma ile miguu zaidi. Huyu alipiga magoti mbele yake, akavirudisha vidole nusu ya njia, kisha akamgusa kwenye nyonga: "Kuanzia hapa. Geuza kuanzia hapa, na ukifika unapofika, panatosha." Mgeuko ule hutoka katika kiungo cha nyonga, na kila mtu amezaliwa na kipimo chake. Ukiulazimisha kutoka chini, goti ndilo linalosokotwa, na goti halikuumbwa kwa kusokotwa. Ile "panatosha" ilinigusa. Katika sekunde chache kama zile mtoto hujifunza ama kwamba mwili wake una ukweli unaostahili kusikilizwa, ama kwamba ni kitu cha kushurutishwa mpaka kifanane na picha ya mtu mwingine. Na somo hilo, vyovyote litakavyokuwa, atakwenda nalo mbali kuliko ukumbi ule: msalani akijitazama kwenye kioo akiwa na miaka 13, mbele ya daktari, mbele ya mume.

Wanaoipenda densi hii humkumbuka mcheza balei Anna Pavlova, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1881, mama yake akiwa dobi. Alipotaka kuingia shule ya densi ya kifalme alikataliwa kwanza kwa umri wake mdogo na kwa kuonekana dhaifu, akakubaliwa mwaka 1891. Hakuwa na mwili uliopendwa wakati huo. Vifundo vyake vilikuwa vyembamba, nyayo zake zikiwa na upinde mkubwa mno. Miaka ile Mtaliano Pierina Legnani alikuwa ameushangaza mji kwa kuzunguka mara 32 mfululizo juu ya mguu mmoja, na kila mwanafunzi akataka kuzunguka vile. Pavlova naye akajaribu. Mwalimu wake, Pavel Gerdt, alipomwona akamwambia awaachie wengine sarakasi zile, kwa kuwa zinaiumiza misuli yake na hazina faida kwake. Nguvu yake iko katika wepesi uleule alioudhani ni udhaifu. Ni sahihisho, tena zito. Mwalimu hakumwambia kwamba hafai. Alimwonyesha densi yake iko upande gani, akamwachia aifanyie kazi. Baadaye Michel Fokine akamtungia ile densi fupi ya bata maji anayekufa, isiyo na mzunguko hata mmoja wa kutisha, na ndiyo iliyomtembeza Pavlova duniani.

Sahihisho la kweli humpa mtoto kazi ya kufanya kesho. Nalishikilia jambo hili kwa nguvu, kwa sababu historia ya balei imejaa pia maneno yaliyojivika joho la sahihisho na ndani yake hamna kazi yoyote.

Chukua suala la rangi. Taiti na viatu vya pinki, ambavyo hapa kwetu bado ndivyo vya kwanza kuonyeshwa mzazi anapoulizia vifaa, vilichaguliwa ili vikaribiane na ngozi nyeupe, mguu uonekane mstari mmoja kutoka nyonga hadi kidoleni. Sababu ni ya kisanaa na ina maana yake. Lakini mvalishe mtoto mweusi taiti hizo uone: mstari umekatika kiunoni, na mtoto, bila kuambiwa neno, ameshajulishwa kwamba kuna kosa, na kosa lenyewe ni ngozi. Arthur Mitchell, aliyeanzisha Dance Theatre of Harlem pamoja na Karel Shook mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya Martin Luther King kuuawa, aliliona hilo. Katika miaka ya 1970 wachezaji wake wakaanza kuvaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi zao wenyewe, kila mmoja yake. Kwingineko wachezaji weusi waliendelea kwa miongo mingi kupaka viatu vyao poda na vipodozi kwa mikono, jozi baada ya jozi, usiku wa kuamkia onyesho. Freed of London, mafundi wa viatu hivyo, walitoa viatu vya rangi ya kahawia na shaba nyeusi mwaka 2018, wakishirikiana na kundi la Ballet Black. Mwaka 2018! Binti yangu ni wa kizazi cha kwanza ambacho kingeweza kununuliwa kiatu kisichomwambia uongo. Mwalimu wetu, kwa mwaka wa kwanza, huwaacha watoto wacheze miguu mitupu. Anasema anataka kuviona vidole vinavyofanya, na mimi ninamshukuru kwa sababu hiyo na kwa nyingine ambayo hakuitaja.

Michaela DePrince alizaliwa Sierra Leone mwaka 1995, vita vikiwaka. Alikuwa yatima mwenye mabaka ya ngozi, na katika kituo cha yatima watoto walipangwa kwa namba, yeye akiwa wa 27 kati ya 27: wa mwisho kwa chakula, wa mwisho kwa nguo. Siku moja upepo ulimletea gazeti lenye picha ya mcheza balei, akaichana akaificha. Alilelewa kisha na familia ya Marekani, akapelekwa darasani, akafanya kazi kama wachache wafanyavyo. Akiwa na miaka 8, siku chache kabla ya onyesho la "The Nutcracker," aliambiwa hatacheza nafasi ya msichana mkuu, kwani Marekani haiko tayari kwa msichana mweusi katika nafasi ile. Yeye mwenyewe aliisimulia habari hii mara nyingi alipokuwa mtu mzima, mchezaji wa Dutch National Ballet jijini Amsterdam. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 29. Nimewaza sana juu ya sentensi ile. Mtoto yule alikuwa amesikia maelfu ya masahihisho, nyoosha goti, shusha bega, ng'ata meno uzunguke tena, na yote aliyabeba akayafanyia kazi. Sentensi hii haikuwa na goti la kunyoosha. Afanye nini kesho yake asubuhi? Hapo ndipo mzazi anapaswa kusimama kutoka kwenye benchi na kuingia ndani.

Lakini nisiseme habari za balei kana kwamba ilizaliwa na dhambi peke yake. Wengi hapa nyumbani huiita densi ya wenye mali, na ushahidi wao hauko mbali: Louis wa 14 wa Ufaransa aliicheza mwenyewe, akiwa na miaka 14 alitokea jukwaani mwaka 1653 kama Jua, na mwaka 1661 akaanzisha chuo chake cha densi jijini Paris, ndiyo sababu amri za darasani ni za Kifaransa hadi leo. Ila kuna habari ya upande wa pili ninayoipenda zaidi. Mwaka 1738, St. Petersburg, mwalimu Mfaransa Jean-Baptiste Landé aliruhusiwa na malkia Anna kufungua shule ya densi katika kasri. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wasichana 12 na wavulana 12, watoto wa watumishi wa kasri lilelile. Shule ile ndiyo iliyokuja kumlea Pavlova, mtoto wa dobi, na ndiyo inayobeba leo jina la Agrippina Vaganova, mwalimu mkubwa wa karne iliyopita. Ukoo wake unaanzia kwa watoto wa waliobeba maji na kuni. Wavulana walikuwa nusu yao, jambo ambalo ningependa baba wa Nairobi walisikie.

Na watu wa kazi hii wenyewe walitambua mapema kwamba mwalimu mbaya ni hatari. Mwaka 1920 jijini London walikutana wachezaji na walimu, miongoni mwao Adeline Genée na Tamara Karsavina, wakaunda chama kilichokuja kuitwa Royal Academy of Dance. Kilichowasukuma ni ubovu wa ufundishaji waliouona kila mahali. Chama hicho leo hutahini watoto katika nchi nyingi, na hata mtihani wake wa chini kabisa haufanywi kabla ya miaka 5. Shule ya St. Petersburg huwachukua watoto kwa masomo kamili wakiwa na miaka 10. Sina haja ya takwimu zaidi ya hizo kumjibu mzazi anayelia kwamba mtoto wake wa miaka 7 amechelewa. Misty Copeland alianza akiwa na miaka 13, katika klabu ya watoto huko California, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kufikia daraja la juu kabisa katika American Ballet Theatre.

Haraka, kwa kweli, ni yetu wazazi. Nilimsikia mwenzangu mmoja akimuuliza mwalimu, kwa nia njema, lini binti yake wa miaka 6 atavaa vile viatu vigumu vya kusimamia ncha. Mwalimu akamjibu, "Mifupa yake bado inakua, mama. Tutazungumza akifika darasa la sita." Ndivyo ilivyo. Mguu wa mtoto una sehemu laini ambazo bado hazijawa mfupa, na uzito wote wa mwili ukitua juu ya ncha ya kidole kabla ya wakati, madhara hayaonekani siku hiyo. Walimu makini hawaruhusu kabla ya miaka 11 au 12, tena baada ya miaka kadhaa ya mazoezi na baada ya kuukagua mguu wenyewe. Anayekuahidi mapema zaidi, mchukue mwanao uondoke.

Desemba tulishuka Mombasa kwa harusi. Nimekulia huko, na mama yangu yuko huko bado. Usiku wa wanawake ngoma zilipopamba moto, binti yangu aliingia ukumbini pamoja na binamu zake, leso imefungwa kiunoni kama wenzake, na mimi nikaona kilichotokea baada ya mwaka wa kuambiwa kila Jumamosi atulize nyonga. Mabega yake yalikuwa mazuri, shingo ndefu, mikono imetulia. Kiuno kimekufa ganzi. Na chakacha bila kiuno haipo. Leso yenyewe imefungwa pale ili jicho lisikose pa kutazama. Shangazi yangu mmoja, mtu mzima ambaye magoti yake yenyewe yanamsumbua, akapaza sauti: "Legeza, mamangu! Wewe si mlingoti!" Watu wakacheka. Niliogopa mtoto atalia. Shangazi akaja nyuma yake akicheza, akamshika nyonga kwa mikono miwili, akamzungusha polepole nusu ya mwendo wa ngoma, kisha kwa mwendo wake, kisha akamwachia. Wimbo haujaisha, mtoto amekwishaipata.

Nilitazama mikono ile miwili juu ya nyonga zile zile ambazo mwalimu wa Nairobi huziweka sawa kwa mikono yake. Amri zilikuwa kinyume kabisa na kazi ilikuwa moja. Tofauti iliyonishughulisha ilikuwa pengine. Shangazi alisahihisha akiwa ndani ya ngoma, jasho likimtoka, na yeyote aliyekuwa karibu angeweza kumsahihisha yeye. Mwalimu wa balei husimama nje na kutazama, kwa sababu densi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya anayekaa mbele na kutazama. Tangu enzi ya mfalme ina upande wa mbele na upande wa nyuma. Mtoto anayeanza balei anaanza kujifunza kuonekana. Ni ujuzi wenye faida na wenye uzito wake, na ninaona kwamba mtoto anaubeba vizuri zaidi akiwa na mahali pengine anapocheza bila kuonekana na mtu, kwa sababu kila aliyepo anacheza.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba ngoma zetu ni za kujiachia tu. Vyama vya lelemama vya Mombasa na miji mingine ya pwani, vilivyotamba katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, vilikuwa na vyeo, sare na ushindani mkali wa kundi kwa kundi, na mama aliyeivuruga safu aliambiwa. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu mwaka 1981 ambako ngoma inafundishwa darasani, hatua kwa hatua, na anayekosea anarudia. Watu wetu wanajua kusahihisha. Ndiyo maana huwa sikubali mtu anaponiambia kwamba nimempeleka mwanangu kufunzwa nidhamu ya wageni, kama kwamba sisi ya kwetu hatunayo.

Tuliporudi Nairobi, ndani ya matatu kuelekea darasani, aliniuliza: "Kule kwa mwalimu kiuno kinalala?" Nikamwambia ndiyo, kule kinalala. "Na kwa nyanya kinaamka." Akaridhika. Sijamwona akichanganya tangu siku hiyo.

Kuna picha za balei ya Kibera zilizozunguka dunia miaka michache iliyopita: watoto katika darasa la Spurgeons Academy, madawati yamesogezwa pembeni, hakuna kioo, hakuna ufito, na mwalimu wao Mike Wamaya. Magazeti ya nje yaliandika juu ya umaskini na ndoto. Nikizitazama, mimi humtafuta mwalimu. Chumba kisicho na kioo kinamweka mtoto mikononi mwake kabisa, kwa kuwa hana pengine pa kujiona. Anajua kwamba mkono wake umeshuka kwa sababu ameambiwa. Na sakafu pia ni mwalimu, mkali zaidi: saruji hurudisha nguvu yote ya mruko kwenye muundi, wakati sakafu ya kazi hii huwa ya mbao zenye nafasi chini yake ili inyumbuke. Mwaka 2020 video ya Anthony Madu, mvulana wa miaka 11 wa Lagos, akizunguka peku juu ya saruji mvua ikinyesha, ilitazamwa na mamilioni, na ikamfungulia njia ya kwenda kusoma Elmhurst Ballet School huko Birmingham. Wengi waliona muujiza. Mwenye jicho la kazi aliona mwili uliofunzwa kutua. Na aliyemfunza, Daniel Ajala, mwenyewe alijifunza balei kwa sehemu kubwa kwa kuitazama kwenye intaneti, bila mtu wa kumgusa nyonga. Kijana aliyejisahihisha peke yake, kisha akafungua darasa asitoze watoto wa mtaa hata senti, ili wao wapate alichokikosa! Katika habari zote za balei ya Afrika ninazozijua, hii ndiyo inayonifanya nisimame.

Hapa kwetu Joel Kioko alikulia Kuwinda, mabanda yaliyo jirani na Karen, akapita kwenye madarasa ya hapa Nairobi na kufika English National Ballet School, London. Wavulana kama yeye hubeba masahihisho ya aina mbili kwa wakati mmoja: ya mwalimu ndani, na ya mtaa nje, ambayo ni matusi. Katika darasa la binti yangu yumo mvulana mmoja. Baba yake ndiye humleta, hukaa nasi kwenye benchi mpaka mwisho, na akiulizwa na wapita njia mtoto anafanya nini mle ndani, husema "balei" kwa sauti ya kawaida, kama anayesema "mpira." Sijui kama anafahamu ni kazi gani anaifanya kwa sauti ile.

Kwa upande wetu tulio nje ya mlango, kazi si nyingi. Kumuuliza mwalimu alifundishwa na nani. Kutazama anamgusaje mtoto, na kama huomba ruhusa kabla. Kusikiliza kama anawataja watoto wote kwa majina, maana katika densi hii anayepitwa kimya ndiye anayeumia. Mtoto huelewa upesi sana kwamba mwalimu asiyemsahihisha amemkatia tamaa. Kujua atasema nini juu ya chakula na unene; akisema lolote kwa mtoto wa miaka 6, hatumtaki. Na njiani kurudi nyumbani, tusianze darasa la pili. Mtoto ameshasikia ya kutosha kwa siku moja. Mimi humuuliza kama ana njaa.

Nikitaka kujua anafundishwaje, simuulizi yeye. Husikiliza anavyomfundisha mdogo wake sebuleni, kwa sababu mtoto hawezi kuificha sauti aliyofundishwa nayo. Mwezi uliopita nilimsikia akimpanga mdogo wake mbele ya kabati. Yule mvulana akaruka, akatua kwa kishindo, vikombe vikalia. Nikangoja. Akasema, "Umeruka vizuri. Sasa turudie kutua," akainama akamshika magoti. Mdogo mtu ana miaka 3, na anataka kwenda naye kila Jumamosi. Mwalimu amesema tumlete akifika 5. Kwa sasa tumeviondoa vikombe vya udongo kwenye rafu ya chini, na karo ya muhula ujao ya dada yake nimeshailipa.